Siku Thelathini za Huruma

Aliyekosa gazeti la wiki jana nampa kwa ufupi, maana hata mimi sipendi kuyarudia yote kwa pamoja. Mume wangu alinikimbia. Nilimuuliza swali moja tu, tena mezani, na kabla sijalimaliza alishasimama kutafuta begi. Nikabaki na binti yetu, wa kwanza na wa mwisho. Nikamlea, nikamsomesha, akaingia chuo kikuu kilekile ninachofanyia kazi. Halafu Jumatatu moja orodha ya watu wa kufungiwa ikafika mezani kwangu, na namba ya kumi na saba ilikuwa yake.

Niliishia hapo, kidole kikiwa juu ya ile namba.

Sasa lazima nieleze kazi yangu, bila hivyo hamtaelewa nilivyojiharibia.

Mimi nafungua na kufunga. Mwanafunzi akisajiliwa, mimi ndiye ninayempa jina la kuingilia kwenye mfumo, neno la siri la kuanzia, barua pepe ya chuo, na kadi yenye picha inayofungua milango. Akimaliza, akifukuzwa, akiacha au akifariki, mimi ndiye ninayevifunga vyote. Kila Jumatatu ofisi ya usajili inaniletea orodha: namba, jina, sababu. Kwenye sababu ya mwanangu walikuwa wameandika: amejiondoa kwa hiari yake.

Asubuhi ileile alikuwa ameniaga, begi begani, akisema ana kipindi saa mbili.

Najua mtauliza kwa nini sikumwita nikamkalisha chini. Nina mdomo mimi, najijua. Swali langu likitoka linatoka na miiba. Mara ya mwisho nilipomuuliza mtu swali la namna ile niliishia kukunja nguo alizoziacha. Za mwanangu sikutaka kuzikunja.

Kwa hiyo badala ya kuuliza, nikabonyeza.

Kwenye mfumo wetu kuna kitu tunakiita siku za huruma. Mwanafunzi aliyepatwa na jambo, ugonjwa au msiba, anaweza kuachiwa akaunti yake siku thelathini zaidi, ili akirudi asikute milango yote imemkataa. Lakini hakuna anayetoa huruma peke yake. Mmoja anaomba, mwingine anaidhinisha. Na kama una undugu na mwanafunzi, jambo lake huruhusiwi kuligusa kabisa.

Niliomba mimi. Penye sababu nikaandika: anamuuguza mzazi. Mzazi mwenyewe nilikuwa pale kwenye kiti, mzima wa afya, natafuna karanga. Binti yangu anatumia jina la baba yake, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka.

Wa kuidhinisha alikuwa Mama Pacha.

Huyu ni mwenzangu wa meza, miaka sita sasa. Meza zetu zimegusana, na kalamu zetu zilishachanganyika hata hatujui ipi ya nani. Alikuwa amejifungua mapacha, na kila siku saa nne shangazi yao alikuwa anawaleta getini wanyonye. Sheria inasema ukiinuka, funga kompyuta yako. Lakini kuifungua tena ni shughuli: neno la siri, kisha namba inayotumwa kwenye simu, kisha kungoja. Mwenye watoto wawili wanaolia getini hana muda huo. Tulizoea kuachiana kompyuta wazi. "Nichungie," alikuwa akisema, anaondoka mbio, kiatu kimoja hakijaingia sawasawa.

Siku ile aliponiambia nimchungie, nilimchungia mpaka alipopotea kwenye kona. Kisha nikanyoosha mkono kwenye kompyuta yake, nikabonyeza kuidhinisha. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Mara ya kwanza nilikifuta kile kitufe kwa leso. Mara ya pili nilitazama mlangoni kwanza. Mara ya tatu nilikuwa naongea na mtu kwenye simu, nacheka. Mfumo unaruhusu mara tatu. Ya nne inapita, ila inaandikwa kwenye taarifa ya wakaguzi. Nilijua hivyo, na nikabonyeza.

Nilichokuwa nakipata ni hiki. Kila nikifika ofisini, hata chai sijainywa, naandika namba yake na kutazama milango aliyoifungua tangu jana. Maktaba, ameingia saa mbili na dakika sita. Ametoka saa saba. Ameingia tena saa nane kasoro. Ametoka saa kumi na moja. Mistari minne kila siku, na mimi naisoma kama barua aliyoniandikia.

Nikajipa moyo. Ameacha masomo na anaona aibu, nikawaza, lakini vitabu hajaviacha. Anajipanga. Siku moja atarudi mwenyewe, ataniambia mwenyewe, nami nitanyamaza mpaka amalize. Ninachotakiwa mimi ni kumshikia mlango tu, asije akagusisha kadi mbele za watu taa ikawaka nyekundu.

Jioni tukikaa kula namuuliza masomo yanaendaje. Anasema mazuri. Namuuliza kama mchana amekula. Anasema amekula. Basi tunapitishiana chumvi, waongo wawili wa nyumba moja.

Kuna siku nilikwenda hadi kwenye ngazi za maktaba. Nikapanda ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikageuka. Ningemkuta ingebidi tuseme, na nilikuwa sijajua nitaanza na neno gani.

Ikaja Jumanne.

Mkuu wetu wa kitengo tunamwita Nukta, kwa sababu agizo lake likifika mwisho lazima alitaje neno hilo. Taarifa mezani saa sita, nukta. Si mtu mbaya. Alituita mimi na Mama Pacha chumbani kwake, na pembeni alikuwa amekaa mkaguzi, dada mwembamba mwenye miwani, karatasi zimejaa magotini.

Mkaguzi alieleza taratibu, sauti haipandi wala haishuki. Kila mwaka wanalinganisha wanafunzi waliosajiliwa na akaunti zilizo hai. Mwaka huu kuna akaunti moja hai isiyo na mwanafunzi. Ina miezi minne. Inaingia maktaba karibu kila siku ya kazi. Imeombwa mara nne, imeidhinishwa mara nne, na barua ya kuthibitisha haipo hata moja.

Mama Pacha aliomba kuiona namba. Akaitazama sana, akasema haikumbuki.

Nukta akanigeukia. Akataka kujua kama wakati naomba niliiona barua ya huyo mwanafunzi.

Wasomaji wangu, nimewaandikia wiki nyingi mambo niliyotendewa. Hili nililitenda mimi. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na muda wa kusema, na hakuna aliyenishikia kisu. Nikafikiria ule mlango wa maktaba.

"Niliiona," nikasema. "Nilimkabidhi mwenzangu."

Mama Pacha hakunikasirikia. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka funguo kaziweka wapi. Ningeweza kusema neno hata pale, lakini nilishusha macho nikazitazama karatasi za mkaguzi.

Kwa taratibu zetu anayeomba hana kosa kubwa, kazi yake ni kuomba. Anayeidhinisha ndiye anayetakiwa kupekua. Nukta akamwambia Mama Pacha akae nyumbani mpaka Ijumaa kamati itakapokutana. Alipofika mwisho wa sentensi alitaja lile neno lake, lakini lilimtoka kwa shida.

Na kwa taratibu hizohizo, mtumishi akisimamishwa anafungiwa kabla hajatoka nje ya jengo. Wa kumfungia ni mwenzake wa meza.

Alisimama nyuma yangu, begi mkononi, wakati naandika jina lake. Barua pepe, funga. Mfumo wa wanafunzi, funga. Milango, funga. Kila kimoja kinakuuliza kwanza kama una uhakika. Niliulizwa mara tatu, nikakubali mara tatu.

"Funga tu, shoga," alisema. "Najua si kupenda kwako."

Nikamsindikiza. Kwenye mlango wa ndani akagusisha kadi yake kwa mazoea, taa ikawaka nyekundu. Walikuwepo wanafunzi wawili wanasubiri kuingia, wakamtazama. Akacheka kidogo, akanipisha. Nikamfungulia kwa kadi yangu, akapita, akanishukuru. Nilirudi mezani nikakuta kikombe chake cha chai kina joto bado.

Siku hiyo binti yangu alikuwa ametoka maktaba saa kumi na moja na dakika mbili. Nilitazama, nikapata nafuu. Ndiyo, nafuu niliipata, siwezi kuwaficha.

Jumatano mchana Mama Pacha akanipigia simu. Nilijua amepiga kunitukana, nikatoka kwenye korido nitukanwe pembeni. Alianza kwa kuomba radhi kunisumbua kazini.

"Nimekaa nafikiri mpaka kichwa kinauma," alisema. Nyuma pacha mmoja alikuwa analia, na mwenzake anamsaidia. "Hebu nisaidie. Hiyo barua ulinipa nikiwa nimekaa, au ndiyo natoka?"

Nikamwambia sikumbuki vizuri.

"Maana mimi siioni kabisa. Lakini kama unasema ulinipa, basi ulinipa. Hawa watoto wamenimaliza, silali. Itakuwa nilibonyeza bila kusoma." Akambembeleza mtoto kidogo. "Ijumaa nitaiambia kamati ukweli, kwamba kosa ni langu, niombe msamaha. Au wewe unaonaje?"

Nilisema kitu, sijui nilisema nini. Angenitusi mpaka jua lizame ningeweza kuvumilia. Huyu mwanamke alikuwa nyumbani kwake anajifundisha kukumbuka kosa ambalo hakulifanya, kwa sababu ananiamini mimi kuliko anavyojiamini. Niliingia chooni nikajifungia nikalia, mpaka mfagiaji akagonga kuuliza kama kuna mtu. Nikasema yupo.

Alhamisi asubuhi nilipitia mezani kutazama milango, maana uraibu ni uraibu. Maktaba, ameingia saa mbili na dakika nne. Nikazima kompyuta na kwenda kwa Nukta. Mkaguzi naye alikuwepo, karatasi zake zilezile.

Nilisema nikiwa nimesimama, maana ningekaa ningeghairi. Nikaanza na orodha ya Jumatatu, nikaja kwenye siku za huruma, nikaja kwenye kompyuta inayoachwa wazi saa nne, nikamaliza na barua ambayo haijawahi kuandikwa na mtu yeyote.

"Mama Pacha hajui lolote," nikasema. "Ile namba ni ya mwanangu. Wa kumzaa."

Nukta aliacha kuandika. Alikuwa na kalamu mkononi, akaifunika, akaifunua, akaifunika.

"Ungekuja kuniambia," alisema mwishowe. "Mimi pia nina watoto."

Nilingoja aongeze lile neno lake, hakuliongeza. Hapo ndipo nilipokaa bila kukaribishwa.

Alisema Mama Pacha atafunguliwa leo hii na kamati itamwandikia barua ya kumsafisha. Mimi nitafungiwa kabla ya saa sita. Nikakubali yote mawili, na kusema kweli lile la kwanza lilinishusha mzigo hata la pili sikulisikia sana. Nikaomba jambo moja tu: kadi ya binti yangu isifungwe kwanza. Yuko maktaba sasa hivi, nikawaambia, ameingia saa mbili na dakika nne. Waniache niende nikamwambie mwenyewe, kwa upole, nje kwenye ngazi. Nikirudi wafunge kila kitu.

Mkaguzi aliinua macho kutoka kwenye karatasi.

"Kwa hiyo anayeingia maktaba ni binti yako."

"Ndiye."

Akasema basi huenda nikawasaidia, kwa sababu walikuwa wanatafuta mtu wa kumtambua. Mlango wa maktaba una kamera. Kila kadi inapoufungua, inapiga picha moja ya aliyeshika kadi. Sikuwahi kujua. Mimi naiona mistari, picha wanaziona watu wa ulinzi peke yao.

Akaigeuza kompyuta yake upande wangu.

Alikuwa msichana mrefu, kitambaa cha bluu kichwani, vitabu kifuani. Kadi aliyoishika ilikuwa ya mwanangu. Nikamwambia mkaguzi amekosea siku. Hakubishana, akafungua nyingine. Kitambaa cha njano. Akafungua nyingine, na nyingine. Mvua, mwavuli. Jua, viatu vya wazi. Alikuwa anazifungua moja baada ya moja, na mimi kila picha naitazama kwa matumaini kama mjinga. Uso ulikuwa uleule mmoja, na sikuufahamu.

"Hakuna hata moja?" mkaguzi aliuliza.

"Hata moja."

Ya mwisho ilikuwa ya leo, saa mbili na dakika nne. Yule msichana alikuwa anapiga miayo.

Miezi minne nilikuwa nasoma kuingia na kutoka kwa mtoto wa mama mwingine. Nilifurahi alipowahi, nikahangaika alipochelewa. Siku aliyoruka bila kufika maktaba nilimpikia binti yangu uji nikidhani anaumwa, naye akaunywa wote, akanishukuru. Kwa ajili ya huyu nisiyemjua ndiyo nilimsimamisha rafiki yangu mbele ya taa nyekundu.

Nukta aliniuliza, polepole sana, binti yangu huwa anatoka nyumbani saa ngapi. Nikasema saa moja asubuhi. Anarudi saa ngapi? Saa kumi na mbili. Na katikati anakuwa wapi?

Nikafungua mdomo kusema maktaba.

Nilitoa simu, nikaiweka mezani, nikaongeza sauti wote wasikie. Iliita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akapokea kwa kunong'ona.

"Mama, niko maktaba. Watu wanasoma, siwezi kuongea."

Nilimtazama yule msichana kwenye kompyuta. Nilitazama ukuta. Miiba yote niliyokuwa naiogopa ilikuwa imekwisha, hata sauti yangu sikuitambua.

"Mwanangu, uko wapi?"

"Si nimekwambia, mama? Maktaba."

Nyuma yake ulisikika mlango wa chuma ukivutwa, mlango mzito, na vyombo vikigongana. Kisha sauti ya mwanamume, karibu kabisa na simu, sauti ya mtu asiyependa kungoja. Alimwita mwanangu kwa jina ambalo sikumpa mimi wala baba yake.

"Naam, nakuja," akaitika upesi, kama mtu aliyelizoea.